Land Rover kuukuu za Isiolo zakosa kazi, zapata mashabiki

UKITAKA kukisia umri wa mkazi wa Isiolo bila kumuudhi, mwulize safari yake ya kwanza ya kwenda Marsabit aliifanya kwa gari gani. Akikutajia basi, huyo ni wa juzi. Akikutajia lori, tena juu kabisa kwenye vyuma, amejifunika shuka mpaka machoni kwa sababu ya vumbi, huyo ameyaona. Na akikutajia Land Rover yenye gurudumu la akiba juu ya boneti, mpishe kiti umwagizie na chai, maana hapo pana hadithi ya kutwa nzima.

Mji wa Isiolo uko kama kilomita 280 kutoka Nairobi. Kwa miaka mingi ndio uliokuwa mwisho wa lami. Ukishapita kizuizi cha polisi upande wa kaskazini, ulikuwa umeingia dunia nyingine: mawe, mchanga, na vituta vidogo vidogo vilivyojipanga kama ubao wa kufulia nguo, vikilitikisa gari hadi nati zikajifungua zenyewe. Katika miaka ya 1990 magari yalikuwa yakingojana mjini, yakapangwa msafara na kupewa askari wenye bunduki, ndipo yakaondoka pamoja kwa kuhofia majambazi wa njiani.

Leo mambo yamegeuka. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale, zaidi ya kilomita 500, ilianza kujengwa kwa awamu mwaka 2007 na kukamilika miaka kumi hivi baadaye. Safari iliyokuwa ikila siku mbili au tatu, na wakati wa mvua zaidi ya hapo, sasa huisha kwa mchana mmoja. Hata gari dogo la kupeleka watoto shule linaweza kufika mpakani bila kuchafuka sana.

Hiyo ni heri kubwa, na hakuna mama aliyewahi kupanda lori akiwa mja mzito atakayeililia barabara ya zamani. Hata hivyo, lami ilipopita iliacha kitu kando ya njia. Land Rover ya zamani, iliyokuwa mfalme wa njia hizo, ilijikuta haina kazi. La kushangaza ni kwamba, hapo ilipokosa kazi ndipo ilipopata wapenzi. Watu wa mijini wanaitafuta, wanaipaka rangi, wanaiundia vilabu na kuifanyia sherehe.

Swali ambalo familia nyingi za Isiolo na kaskazini kwa jumla zinafaa kujiuliza ni hili: je, mapenzi hayo mapya yatawafaidi waliolitunza gari hili, au yatawapita kama basi la usiku?

Mtoto wa uhaba

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi. Uingereza ilikuwa imetoka vitani majuzi tu. Chuma kilikuwa adimu na kilitolewa kwa mgao, lakini alumini, ambayo ilikuwa imetumiwa kuunda ndege za kivita, ilipatikana. Mhandisi Maurice Wilks wa kampuni ya Rover akabuni gari la mkulima lenye mwili wa alumini juu ya fremu ya chuma. Hata ile rangi ya kijani ya magari ya kwanza inasemekana ilitokana na masalio ya rangi za ndege.

Kwa hiyo gari hili ni mtoto wa uhaba, na labda ndiyo sababu lilipatana na nchi ya uhaba. Mwili wake hauliwi na kutu kwa urahisi. Vipande vyake vimenyooka, hivi kwamba fundi mwenye nyundo na ribiti anaweza kuvitengeneza chini ya mgunga. Mlango ukiharibika, unafunguliwa kwa spana na kuwekwa mwingine. Injini ya petroli ya ujazo wa 2,286, ambayo ilianza kutumika mwaka 1958, haikuchagua sana mafuta. Betri ikifa, dereva alichomoa chuma chake, akakichomeka mbele ya gari na kuizungusha injini kwa mkono mpaka ikanguruma.

Wapenzi wa gari hili hulihesabu kwa vizazi, kama vile wazee wanavyohesabu marika. Kizazi cha kwanza ni cha mwaka 1948 hadi 1958. Cha pili kilidumu hadi 1971, na cha tatu hadi 1985. Hapo katikati, mwaka 1983, ikaja ile iitwayo 110, yenye springi za kuzunguka badala ya zile za vyuma bapa vilivyopangwa. Jina la Defender lilikuja mwaka 1990. Gari la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Jina hilo limerudi katika gari jipya, lakini wakongwe wanakataa kulitambua kama mtoto wa nyumba hiyo.

Kenya nayo ina sehemu yake katika ukoo huu. Kiwanda cha Leyland mjini Thika, ambacho baadaye kilikuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kilianza kuunganisha magari mwaka 1976, na Land Rover zilikuwa miongoni mwao. Basi usimwone mzee huyu wa alumini ukadhani alikuja kwa meli akiwa mzima. Huenda ni kijana wa Thika.

Tamu na chungu

Isiolo haikuzijua Land Rover kwa sababu ya starehe. Wakati wa ukoloni mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Sehemu hiyo ilifungwa kwa sheria. Hukuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Aliyekuja na gari alikuwa Bwana DC, askari, mganga, mmishonari au afisa wa wanyama pori.

Mmoja wa maafisa hao alikuwa George Adamson, aliyeajiriwa na idara ya wanyama mwaka 1938 na kufanya makao yake Isiolo. Mwaka 1956 yeye na mkewe Joy walimchukua mtoto wa simba wakamwita Elsa. Kitabu cha Joy kilipotoka mwaka 1960, picha za simba huyo akiwa amelala juu ya paa la Land Rover zilizunguka ulimwengu mzima. Kwa mgeni wa Ulaya, gari hilo na simba huyo vikawa ndiyo kaskazini ya Kenya.

Lakini wenyeji wana picha nyingine vichwani mwao. Kati ya mwaka 1963 na 1967 kulikuwa na vita vilivyoitwa vya Shifta, pale wakazi wengi wa kaskazini walipotaka kujiunga na Somalia na serikali changa ya Kenya ikakataa. Waborana wa Waso wanauita wakati huo Gaafa Daaba, yaani siku za kusimamishwa. Watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa huko Garba Tula, Merti na Modogashe. Mifugo iliangamia kwa wingi. Njiani palitegwa mabomu ya ardhini. Kwa mtu aliyekuwa mtoto siku hizo, mngurumo wa gari la serikali haukuwa muziki. Ulikuwa ishara ya kukimbia.

Mtu huyo huyo, miaka michache baadaye, pengine aliona gari la namna hiyo hiyo likimchukua mama yake aliyelemewa na uchungu wa kuzaa na kumfikisha hospitali akiwa hai. Aliliona likileta mahindi ya msaada wakati wa ukame, likileta mwalimu mpya shuleni, au likiwabeba akina mama na vibuyu vyao vya maziwa ya ngamia kuja sokoni Isiolo. Ndiyo sababu mapenzi ya watu wa hapa kwa gari hili si ya juu juu. Ni kama mapenzi ya mtu kwa baba mkali: alichapa, na alilisha.

Hili ni jambo ambalo mashabiki wapya hawana budi kulifahamu. Anayekuja na gari lililong'arishwa na kupiga honi mbele ya wazee, akitarajia vigelegele tu, huenda akapata kimya asichokielewa.

Vilabu vya mabwana

Ili tuelewe mambo yalivyobadilika, hebu tutazame nyuma kidogo. Upenzi wa magari nchini Kenya ulianza zamani, na ulianza kwa watu wachache. Chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kilichokuwa na jina la heshima la Royal, kiliundwa mwaka 1919. Wakati huo kumiliki gari kulikuwa jambo la walowezi na maafisa, pamoja na wafanyabiashara wachache. Mwafrika alikuwa utingo, mwosha gari, au dereva wa mtu.

Mwaka 1953 yakaja mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Hayo ndiyo yaliyokua yakawa Safari Rally. Mashindano haya yaliufungua mlango kidogo. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya aliyekuwa fundi wa magari, alishinda akiendesha Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika, huku ndugu yake Jaswant akimwonyesha njia. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta naye alishinda mara tano, mara ya kwanza mwaka 1973 na nyingine nne mfululizo kuanzia 1979. Watoto wa vijijini waliokaa kando ya barabara kuwapungia mikono walikuja kujua majina ya magari kabla ya kujua majina ya mawaziri.

Upande wa magari ya kuonyeshwa, chama cha wenye Alfa Romeo kilianzisha mashindano ya Concours d'Elegance mwaka 1970. Mashindano hayo, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyiwa uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, Nairobi, yana waamuzi ambao hawana huruma. Wanachungulia injini, wanainama kutazama chini ya gari, wanapitisha kidole penye pembe. Vumbi kidogo tu, alama zimekwenda.

Mtu wa Isiolo akisikia hayo hucheka. Kwake yeye vumbi ndicho cheti cha gari. Lisilo na vumbi limefanya kazi gani?

Mwaka 1989 ikazaliwa Rhino Charge, mashindano ya magari ya nyikani ya kuchangia uhifadhi. Hapa hapana barabara. Madereva wanatakiwa kupitia vituo 13 kwa muda wa saa kumi, na mshindi ni yule anayefanya hivyo kwa kusafiri umbali mfupi zaidi, hata kama ni kupanda mwamba. Fedha zilizochangwa zilisaidia kujenga ua wa kuzunguka msitu wa Aberdare, kama kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Hata timu za wanawake watupu zimeshiriki, na kuwanyamazisha waliodhani usukani wa nyikani ni wa wanaume. Kisha mwaka 2003, katika kuadhimisha miaka 50 ya Safari, yakaanza mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic.

Haya yote ni mazuri. Hata hivyo, tusifichane: ni mambo ya wenye nacho. Gharama ya kuliandaa gari moja ni ya kumnunulia mfugaji kundi zima. Ndiyo sababu kwa miaka mingi neno klabu ya magari lilimfanya mwananchi wa kawaida afikirie ua mrefu, nyasi zilizokatwa na watu wanaokunywa chai kwa vikombe vidogo.

Mashabiki wa leo

Simu ya mkononi imeupindua mlango huo. Leo hii mtu hahitaji kupendekezwa na wanachama wawili wala kulipa ada ya mwaka. Anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, anatuma picha ya gari lake, na jioni ile ile ameshajibiwa wapi pa kupata kabureta. Mwalimu, daktari, mkulima wa viazi na fundi wa jua kali wanazungumza pamoja, na anayeheshimiwa ni yule anayejua, si yule aliye na mali.

Matokeo yake yalionekana mjini Nakuru mwezi Mei 2024, wakati Land Rover za kila rika zilipokusanyika kwa tamasha. Nyingi hazikuwa mapambo ya nyumbani. Ni magari ambayo Jumatatu yake yalikuwa yarudi shambani au kwenye kazi ya kubeba watu na mizigo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo majirani zetu wa Tanzania wakafanya kubwa zaidi mjini Arusha, wakiwa na nia ya kuvunja rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018, ambako Land Rover 632 zilikuwa zimeandamana. Afrika Mashariki, iliyokuwa ikipokea magari kuukuu ya wengine, ikaanza kujivunia ya kwake.

Huko Maralal, upande wa pili wa nyika, Land Rover kuukuu zimeendelea kuwa teksi na matatu za njia ambazo lami haijafika. Isiolo nayo ina njia za namna hiyo, kwa mfano kuelekea Merti. Mahali kama hapo gari kuukuu halijawa kumbukumbu. Bado ni kazi.

Kuna kundi jingine la mashabiki: vijana wa mijini wenye Subaru na magari mengine yaliyo chini chini. Tangu lami ifike Moyale, safari ya kaskazini imekuwa fasheni. Wanakuja kwa misafara mwishoni mwa juma, wanajaza mafuta Isiolo, wanakula nyama, wanapiga picha Archer's Post wakiwa na mlima Ololokwe nyuma yao, kisha wanaifuata lami ndefu iliyonyooka. Mwenye hoteli na mwenye kituo cha mafuta wanawafurahia, na wana haki.

Lakini neno la upole liwafikie vijana hao. Barabara hiyo ni ya ngamia na mbuzi pia. Mfugaji haoni kilomita 150 kwa saa kuwa ushujaa. Ngamia usiku hang'ai macho kama unavyodhani, na miguu yake mirefu hufanya mwili mzima uangukie kioo cha dereva. Wakongwe wa barabara hii walikuwa na desturi ya kutolipita gari lililoharibika bila kusimama, maana leo ni kwake na kesho ni kwako. Desturi hiyo ndiyo klabu ya kwanza ya magari iliyowahi kuwepo kaskazini. Haikuwa na nembo wala fulana, na hakuna aliyelipa ada isipokuwa kwa maji, kiberiti na kamba ya kuvutia.

Masikio ya fundi

Sasa tuingie gereji. Fundi mkongwe wa Land Rover hana haja ya kompyuta ya kupimia gari. Anakuambia uwashe, anainamisha kichwa, anasikiliza. Anajua mlio wa ekseli ya nyuma inayokaribia kukatika, ugonjwa uliozisumbua sana gari za vizazi vya mwanzo. Anajua kwamba gia ya kwanza ya magari hayo haikubali kuingizwa kwa pupa, na kwamba ukitaka kushusha gia huna budi kukanyaga klachi mara mbili. Anajua redieta inayovuja inaweza kukufikisha nyumbani ukiijua dawa yake ya njiani.

Ujuzi huo haumo vitabuni, au tuseme uliomo vitabuni haukuandikwa kwa ajili ya mawe ya Marsabit. Ulipokewa kwa kushikiwa taa. Kijana alianza kama utingo, akalala chini ya gari, akapigwa kelele, akachomwa na mafuta, na baada ya miaka mingi akaruhusiwa kuifungua injini peke yake. Leo kijana wa Isiolo anapendelea bodaboda au Toyota Probox, ambayo ina spea kila duka. Nani wa kumlaumu? Toyota Land Cruiser yenyewe ilishaipokonya Land Rover ufalme wa kaskazini tangu miaka ya themanini na tisini, na magari yake ndiyo yaliyokimbiza miraa na mizigo ya mashirika ya misaada.

Isitoshe, gari kuukuu lina kiu. Mwezi Septemba 2023 bei ya petroli nchini ilivuka Sh200 kwa lita. Wengi waliamua kuegesha. Na gari lililoegeshwa lina adui wa tatu baada ya kutu na panya, naye ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Alumini inapendwa mno, kwa kuwa mafundi wa jua kali huiyeyusha wakatengeneza sufuria. Usishangae, msomaji, ikiwa wali ulioupika jana uliivia ndani ya kilichokuwa mlango wa gari la DC.

Mnunuzi mwingine anakuja kwa tabasamu. Anajua kwamba tangu kiwanda kisimamishe uundaji mwaka 2016, bei ya magari haya imepanda ng'ambo, na hata Nairobi lililotengenezwa vizuri ni mali. Anamkuta mjane ambaye gari la mumewe limekaa miaka kumi likigeuka nyumba ya kuku. Anataja bei ya vyuma. Mama anashukuru kwa kuondolewa takataka. Mwaka mmoja baadaye gari hilo linang'ara kwenye nyasi za mji, na hakuna anayekumbuka jina la aliyeliendesha.

Hapo ndipo penye dhuluma. Kununua si kosa. Kosa ni kununua historia kwa bei ya chakavu.

Ukiachiwa gari kuukuu

Familia iliyo na gari la namna hii uani isiharakishe. Kwanza itafuteni logbuku. Linganisheni nambari ya chasisi na ya injini na zile zilizoandikwa humo. Zikihitilafiana, gari hilo lina kesi kabla halijawa na mnunuzi. Kumbukeni pia kwamba nambari za mtindo wa KAA zilianza mwaka 1989, kwa hiyo gari lenye kibao cha herufi tatu na tarakimu tu liliandikishwa kabla ya hapo. Msikitupe kibao hicho. Ni sehemu ya thamani yake.

Ikiwa mwenyewe amefariki, gari ni sehemu ya urithi. Haliwezi kuhamishwa jina kwa mapatano ya mdomo kati ya ndugu. Mahakama itoe hati ya kusimamia mali ya marehemu, kisha mamlaka ya usafiri, NTSA, ishughulikie uhamisho. Ndugu wengi wamekosana kwa sababu mmoja wao aliuza kwanza na kueleza baadaye.

Pili, litunzeni. Lipandisheni juu ya mawe au vigogo ili matairi yasibebe uzito. Chomoeni betri. Toeni petroli ya zamani, maana nayo huharibika. Acheni kioo wazi kidogo hewa ipite, na chunguzeni panya wasitafune nyaya. Msidanganyike na mwili wa alumini usio na kutu. Inameni mtazame chasisi, hasa sehemu ya nyuma, na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Hapo ni chuma, na hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Mahali alumini inapogusana na chuma pia huliwa polepole.

Tatu, mkitaka kuliuza, ulizeni bei kwa watu watatu wasiojuana, mmoja wao akiwa fundi. Vilabu vya leo viko wazi. Mtoto yeyote mwenye simu anaweza kuwatafutia mashabiki wakamwambia ukweli. Msiuze vipande kimoja kimoja, kwani taa na vibao vya asili vikishatoka, kilichobaki ni mzoga.

Nne, mkiliwasha tena, kumbukeni kwamba ni mzee. Breki zake si za leo, na yale mabenchi ya nyuma mara nyingi hayana mikanda. Msiwarundike watoto humo kwa furaha ya Idi au Krismasi. Bima na ukaguzi pia havijali kwamba gari lilikuwa la babu.

Gari na hadithi yake

Kwa wenye vilabu tuna ombi moja. Mnapopita Isiolo, msisimame kituo cha mafuta peke yake. Pitieni gereji. Mwalikeni fundi mzee kwenye tamasha lenu, tena mbele, na mlipieni nauli. Mchukueni kijana mmoja mmoja wa hapa mumpe nafasi ya kujifunza kulifufua gari lililokufa. Kazi ya kutengeneza magari ya zamani ina fedha, na hakuna sababu ya fedha hizo kuishia Nairobi wakati mikono inayojua iko hapa. Kaunti nayo, yenye vyuo vya ufundi, inaweza kuwaketisha wazee hao mbele ya wanafunzi wakiwa wangali na nguvu ya kushika spana.

Na kwa familia, ombi ni rahisi zaidi. Nyuma ya kila gari kuukuu kuna mtu aliyelala chini yake usiku wa mvua akingoja mto ushuke. Mketisheni. Mwulizeni alikwama wapi, nani alimsaidia, alimbeba nani, na ni mtoto gani aliyezaliwa njiani. Rekodini kwa simu hizo hizo mnazotazamia vichekesho. Waliosema jungu kuu halikosi ukoko hawakukosea, ila ukoko nao huchakurwa jungu likiwa bado lipo jikoni.